Bunduki itakayolala mwaka na nusu: jibu kwa mzee wa Ujiji

Swali: "Fundi, habari za Tabora. Mimi ni mkulima, naishi Ujiji. Nina bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ya leseni, nimekuwa nikifukuzia nyani na nguruwe pori shambani kwa miaka mingi. Msimu uliopita sikuitumia. Niliipaka mawese, kama marehemu baba alivyokuwa akipaka mapanga yake, nikaitia ndani ya ala yake ya ngozi tangu Novemba hadi Aprili. Nilipoitoa nimekuta madoa mekundu mitutuni, na pale ngozi ilipokuwa imeshikana na chuma ile rangi ya buluu imebanduka. Sasa nakwenda Dar es Salaam kwa matibabu na huenda nisirudi kwa mwaka na nusu. Kijana wa gereji anasema ataipiga msasa na kuipulizia rangi nyeusi. Je, nimkubalie? Na niihifadhi vipi? Nifikirie kumwachia mtoto wa kaka yangu?"

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa maradhi, Mungu akupe afya urudi salama Ujiji.

La mtoto wa kaka nilimalize kwanza. Usimwachie. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba wala ya ukoo, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitamwangalia kijana kwa jicho la udugu akikutwa na bunduki isiyo ya jina lake. Nenda kituo cha polisi cha wilaya mapema, siyo siku ya safari. Waeleze unaondoka kwa muda mrefu na ufuate watakavyokuelekeza. Wakiipokea, dai karatasi yenye namba ya silaha na hali yake siku uliyoikabidhi. Nimeanza na hili kwa sababu linabadilisha kazi yote inayofuata. Bunduki inayokaa ndani kwako unaweza kuitazama kila mwezi. Hii yako itakaa kwenye ghala pamoja na nyingine nyingi, na hakuna atakayeifuta jasho la mikono. Lazima iondoke mikononi mwako ikiwa imeandaliwa kukaa miezi 18 bila kuguswa na mtu anayeijali.

Na kijana wa gereji mwambie hapana. Nitaeleza sababu, ila jibu ni hapana, hata kama atafanya bure.

Sasa tuitazame kutu yako ilikotoka. Watu wa Kigoma wengi huilaumu ziwa. Tanganyika ni ziwa la maji baridi, haina ule upepo wa chumvi unaokula mabati ya Tanga na Bagamoyo. Chuma chako kimeliwa na maji yaliyokuwa tayari ndani ya nyumba, hewani. Chuma kikipata maji na hewa pamoja kinashika kutu, na wala hayahitajiki maji ya kumwagika. Unyevu wa hewa ukipanda kupita asilimia 60 hivi, juu ya chuma hujengeka utando wa maji usioonekana kwa macho, na kazi inaanza. Masika ya Kigoma yanakaa juu ya kiwango hicho usiku na mchana kwa miezi.

Halafu kuna umande wa ndani. Hewa yenye nyuzijoto 27 na unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzijoto 23 hivi. Chukua basi mtutu uliopoa usiku kucha ukiwa umeegemea ukuta wa saruji. Asubuhi mama anafungua madirisha, hewa ya joto inaingia, inakutana na chuma baridi. Jasho linatoka kwenye chuma kama linavyotoka kwenye chupa ya soda. Kwenye chupa unaliona ukalifuta. Ndani ya ala hulioni, na ngozi inalinyonya na kulishikilia palepale pembeni ya chuma.

Ndiyo maana rangi imebanduka mahali pa ngozi kuliko pengine. Ngozi haiwi ngozi mpaka ipitie dawa za kulainishia, na nyingi kati ya hizo zinabaki na asidi na chumvi ndani yake. Ikipata unyevu, zile asidi zinaamka. Ala ya ngozi ni ya kubebea bunduki njiani, kutoka nyumbani hadi shambani na kurudi. Wanaoweka humo kwa msimu mzima wanafanya jambo lilelile ulilofanya, na madoa yao yanafuata mishono ya ala kana kwamba yamechorwa kwa rula. Za turubai zenye sponji ndani si nafuu: sponji inakunywa maji kama mkate, na ikizeeka inabadilika kuwa unga unaonata kwenye chuma. Hata mkanda wa ngozi wa risasi una ubaya huohuo. Zile shaba za kwenye risasi zinaota ukungu wa kijani, na risasi iliyoota hivyo usiitie mtutuni.

Kuhusu mawese, najua unauliza kwa heshima ya baba yako, nami namheshimu. Alikuwa sahihi kwa panga. Panga la mkulima linafanya kazi kila siku: asubuhi mafuta yanafutwa na majani, jioni linapakwa upya. Mawese hayakupata nafasi ya kuoza juu yake. Bunduki iliyolala miezi sita ni jambo jingine. Mafuta ya kula yote, ya mawese, ya karanga, ya alizeti, yakikaa na unyevu humeguka na kutoa asidi, na yakikaa na hewa hugeuka gundi. Mawese ya kukamuliwa nyumbani yanaongeza la tatu, kwa kuwa hubaki na maji ndani yake kidogo. Ukipaka unakuwa umepaka na maji. Utaona sasa kwamba kichochezi, kile unachokivuta kwa kidole ili kufyatua, kimekuwa kizito na kufungua mitutu kunahitaji nguvu. Ile ndiyo gundi yenyewe. Zaidi ya hapo, mende na panya wanayapenda, na nimewahi kuona kitako kilichotafunwa kwa ajili ya harufu ya mafuta tu.

Mzee wangu, hapo bandarini kwenu Kigoma kuna funzo kubwa kuhusu hili kuliko lolote ninaloweza kukupa mimi. Ile meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa hapo Kigoma. Vita ilipowaelemea Wajerumani, Julai 1916, waliamua kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake walipaka injini zote grisi nene. Ilikaa chini ya maji mpaka Waingereza walipoiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina la Liemba. Miaka karibu minane ndani ya ziwa, na mashine zikafaa kutumika tena. Bunduki yako ilikuwa kabatini, juu ya nchi kavu, na miezi sita tu imeiumiza. Tofauti ni kwamba mafundi wale waliweka kitu kisichopitisha maji wala hakina asidi, wakakiweka kinene, na wakakiweka kabla maji hayajafika.

Hilo la mwisho ndilo ambalo watu hulisahau. Mafuta hayaponyi kutu. Yanafungia kilichopo. Ukipaka juu ya chuma kikavu na safi, umefungia ukavu. Ukipaka juu ya jasho, umefungia jasho. Nikiwa bado najifunza kazi, katika ghala moja nilikotumwa, tulipewa bunduki za kuandaa kwa kulazwa. Ilikuwa mchana wa Oktoba, joto kali, tukawa tunazishika kwa mikono mitupu na kuzipaka mafuta mazuri ya kiwandani. Baada ya miezi sita tulipozitoa, moja ilikuwa na alama ya kiganja changu mtutuni, vidole vyote, mpaka mistari ya vidole, imechorwa kwa kutu chini ya mafuta. Mafuta yalikuwa bado yapo, yanang'aa. Mwalimu wangu hakunigombeza. Aliniambia niweke mkono wangu juu ya alama ile, ukatoshea. Tangu siku hiyo sishiki chuma kilichosafishwa bila kitambaa.

Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kusafisha na kukausha, na kupaka ni jambo la dakika kumi. Funga mlango, hakikisha mitutu yote miwili haina risasi, tazama kwa macho na upapase kwa kidole, kisha risasi zitoe nje ya chumba kabisa. Tenganisha mitutu na kitako kama unavyofanya siku zote. Usifungue skrubu za pembeni kwenye mashine ya bunduki. Vichwa vya skrubu hizo vimechongwa kwa bisibisi maalumu, na bisibisi ya gereji itavivunja midomo ukabaki na kovu lisilofutika. Kama kichochezi kinanata kwa mawese kiasi cha kukusumbua, hiyo sehemu mpe fundi wa silaha anayetambulika kisheria, basi.

Mawese kwanza yatoke. Mafuta ya taa na kitambaa cha pamba vinatosha. Mswaki wa zamani kwenye kona. Mafuta ya taa ni mazuri ya kuoshea na mabaya ya kuachia, kwa kuwa yakikauka hayabakizi kinga yoyote, hivyo yafute yote. Yasiguse kitako.

Kisha madoa. Hapa ndipo watu wanapoharibu bunduki zaidi ya kutu yenyewe ilivyoharibu. Ile buluu unayoiona si rangi iliyopakwa. Ni chuma chenyewe, ngozi yake ya juu, iliyogeuzwa kuwa kutu nyeusi kwa makusudi. Kutu nyekundu inajaa nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inavimba na kumenyeka, na chini yake inaendelea kula. Kutu nyeusi imebana, inakaa, inashika mafuta vizuri. Ni nyembamba mno, haifiki hata sehemu ya kumi ya unywele, na peke yake bila mafuta haizuii maji. Lakini kwa kuwa ni aina ya kutu, chochote kinachotoa kutu kinaitoa nayo. Ndimu, siki, soda, maji ya betri, na zile dawa za kutoa kutu za dukani, vyote vitakula madoa yako mekundu na buluu yote iliyobaki kwa dakika chache, hata hutaamini. Majivu na mchanga yanakwangua. Ile stilwaya ya kusugulia masufuria ni nene mno, itaacha mikwaruzo ambayo kila mmoja utakuwa mfereji wa maji ya kesho.

Paka madoa mafuta ya cherehani, uyaache yalale siku nzima. Kesho yake tafuta kipande cha waya wa shaba nyekundu, ugonge ncha yake iwe bapa kama ukucha, na ukwangue doa taratibu juu ya mafuta. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu, hivyo inang'oa kutu bila kukikwaruza chuma. Ukipata ile pamba ya chuma laini kabisa, yenye namba 0000, itafaa pia ikiwa na mafuta, kwa mkono mwepesi. Futa, tazama, paka tena. Unachotafuta ni kitambaa kisichotoka na unga mwekundu. Likibaki doa jeusi au kishimo kidogo, liache. Doa jeusi limelala, halili tena, na kulifuata mpaka litoke ni kuondoa chuma kizima ili kufurahisha macho.

Mahali ngozi ilipobandua buluu patabaki peupe. Patakuudhi kutazama, lakini patahifadhika sawasawa na pengine patakapopakwa. Ukirudi na ukitaka rangi irudishwe, jambo hilo linataka fundi anayeijua bunduki ya mitutu miwili, na muulize swali moja kabla hujamwachia: ataichovya kwenye dawa ya moto? Njia ya haraka ya viwandani ni kuchemsha chuma ndani ya magadi makali ya kemikali, kwenye nyuzijoto 140 hivi. Kwa bunduki ya mtutu mmoja ni sawa. Mitutu miwili imeunganishwa kwa solda, pamoja na ule uti unaopita katikati yake, na magadi hayo yanaila solda. Yanaingia chini ya uti, hayatoki tena, na baada ya muda uti unafunguka. Bunduki kama yako hutiwa rangi kwa njia ya zamani ya polepole. Inaachwa ishike kutu nyembamba kwa makusudi, kisha inachemshwa kwenye maji safi, na ile kutu nyekundu inageuka nyeusi mbele ya macho yako. Inasuguliwa kwa wepesi, inarudiwa tena na tena kwa siku kadhaa. Nimeifanya mara nyingi na bado napenda kuona chuma kikibadilika rangi ndani ya maji yanayochemka.

Sasa umeona kwa nini nimekataa ya gereji. Msasa utaondoa buluu iliyobaki, utapunguza chuma, na unaweza kufuta namba ya silaha. Hebu fikiri unaifikisha bunduki yenye namba iliyosuguliwa mbele ya polisi, useme nini? Na rangi ya kupuliza juu ya vishimo vya kutu inafanya kazi ileile ya ala ya ngozi. Inafunika, maji yanapita kwenye ufa mdogo, na huoni kinachoendelea mpaka ganda lidondoke.

Ndani ya mitutu pia pana kazi. Risasi za marisau za siku hizi zina kikombe cha plastiki, na kila mlipuko unaacha plastiki kidogo na madini ya risasi kidogo ukutani mwa mtutu. Chini ya utando huo unyevu unajificha, na mtu akichungulia anaona mtutu unang'aa kumbe kinachong'aa ni plastiki. Piga brashi ya shaba yenye mafuta mara nyingi, hasa karibu na chemba, pale risasi inapokaa, kisha pitisha vitambaa mpaka vitoke vyeupe. Wenye gobole za leseni, maana najua wapo wanaosoma hapa, wao kanuni yao ni tofauti. Baruti nyeusi inaacha chumvichumvi zinazovuta maji, na mafuta hayaziyeyushi. Zinataka maji ya moto na sabuni kwanza, kukausha, ndipo mafuta. Hali ni hiyohiyo kwa risasi kuukuu za kijeshi ambazo vifyatuzi vyake, vile vya kuwashia baruti, vinaacha chumvi mtutuni.

Ukishamaliza kusafisha, usipake bado. Chagua siku ya jua, weka mitutu peke yake juani ndani ya ua wako, ukiwa umekaa palepale, kwa saa moja hivi. Chuma kikiwa cha moto kuliko hewa, hakuna umande unaoweza kukaa juu yake, na hata ule uliojificha chini ya uti unatoka. Kitako kiache kivulini. Chuma kikiwa bado na joto, vaa glavu za pamba au shika kwa kitambaa kikavu, na upake.

Upake nini? Pale dukani jirani, nunua mafuta ya mgando, yale meupe au ya manjano yasiyo na manukato. Nasema kwa moyo wote, kwa chuma kinachokwenda kulala muda mrefu, kopo hilo linashinda chupa nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutisha. Yametoka kwenye mafuta ghafi ya petroli, hayaozi, hayana asidi, hayagandi kuwa gundi, na hayatiririki. Soma kopo vizuri. Losheni na krimu zina maji na usipake kamwe. Grisi safi ya magari nayo inafaa kwa nje, ingawa kuiondoa ni kazi. Oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi hupenda kukupa bure, ina asidi na unga wa chuma uliotoka kwenye injini ya mtu mwingine. Mafuta ya cherehani ni masafi lakini mepesi. Ni kinga ya wiki kadhaa, kisha yanatiririka na kukiacha chuma wazi. Ile kopo ya WD-40, ambayo nayo huulizwa sana, ilitengenezwa kwa kazi ya kufukuza maji, na inaifanya vizuri, hivyo itumie siku bunduki iliponyeshewa. Inachobakiza ni chembamba mno kwa miezi 18.

Paka nje ya mitutu mpaka uone weupe wa mafuta, siyo mng'ao tu. Ndani, pitisha kitambaa kilichopakwa vizuri mara mbili. Kwenye vichochezi, bawaba na ndani ya mashine weka matone machache tu ya mafuta ya cherehani, maana mgando humo ndani utakusanya vumbi. Mdomo wa mtutu usiuzibe kwa pamba wala kitambaa, hata ukiogopa nyigu. Kizibo kinashika unyevu, na siku mtu atakaposahau kipo ndani na kufyatua, mtutu unapasuka.

Kitako ni habari nyingine, na hapa Tabora tunajivunia dawa yake. Mbao haishiki kutu, lakini masika inavimba na kiangazi inapasuka. Sisi huku tunalijua hilo zaidi yenu: Julai usiku ni baridi, mchana ni mkavu, na kitako kilichotoka Kigoma kikiwa kimeshiba unyevu kinapasuka shingoni. Nta ya nyuki wa miombo yetu ndiyo kinga. Yeyusha nta ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, iondoe kabisa motoni na uende nayo mbali na jiko, ndipo uongeze tapentaini mpaka ikipoa iwe laini kama siagi. Paka nyembamba, acha saa moja, sugua kwa kitambaa. Usisahau mwisho wa kitako, chini ya lile bamba, ambako mbao imekatwa kukingama na nyuzi zake. Huko ndiko maji yanakoingia kwa wingi kama yanavyopanda kwenye mrija.

Wengi huniuliza kwa nini basi tusipake nta hiyo kwenye chuma pia. Nta ya nyuki ina asidi zake za asili, kidogo tu, lakini kwa miaka zinahesabika. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa British Museum kule London walitengeneza nta ya petroli kwa ajili ya vitu vyao, kwa sababu hiyohiyo ya kukwepa asidi za nta za asili. Basi nyuki kwa mbao, mgando kwa chuma, na visichanganyike. Mgando au mafuta yakiingia kwenye mbao pale inapokutana na mashine, mbao inalainika kama iliyooza na siku moja inavunjika kwa mpigo wa kawaida. Hilo linatokea polepole kwa bunduki iliyosimamishwa kwa kitako miaka mingi, mafuta yakishuka tone kwa tone. Omba ilazwe, au isimamishwe mdomo chini juu ya kipande cha mbao kikavu.

Ifunge kwa karatasi ya mafuta, ile inayofungiwa vipuri vya mashine. Gazeti linanyonya maji na lina asidi. Mfuko wa nailoni usiutumie. Ukitoboka hata kwa ncha ya sindano unakuwa ala nyingine. Juu ya karatasi weka mfuko wa kitambaa tu.

Kwa msomaji ambaye bunduki yake itabaki kwenye sefu yake mwenyewe nyumbani: sefu isiguse ukuta mpya wa saruji wala sakafu, iinue juu ya mbao. Chumba hichohicho kisiwe na betri ya sola inayochemka, mbolea, dawa ya kufulia yenye klorini, wala gunia la chumvi ya Uvinza. Mivuke ya vitu hivyo inapita kwenye nyufa za sefu bila kubisha hodi. Vile vifuko vya punje zinazonyonya unyevu, vya kwenye viatu na makopo ya dawa, ni vizuri iwapo sefu inafunga vizuri na punje ni kavu. Zikishiba zinakuwa mawe tu mpaka zikaushwe tena kwenye joto la nyuzi 120 kwa saa kadhaa, na zile zinazobadilika rangi kutoka buluu kwenda waridi usizikaushie kwenye chombo cha chakula. Mchele hausaidii, wenyewe una unyevu wake.

Jambo la mwisho, mzee wangu, na ndilo linalonikosesha usingizi kwa bunduki zilizohifadhiwa vizuri. Mtutu uliojaa mafuta haufyatuliwi. Mafuta mazito mbele ya risasi yanapandisha msukumo ndani na yanaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua. Andika kwenye kadi, kwa kalamu isiyofutika na maji, "IMEPAKWA MAFUTA NDANI YA MITUTU. ISIFYATULIWE KABLA YA KUSAFISHWA", na uifunge kwa uzi kwenye chuma kinachozunguka kichochezi kabla ya kuikabidhi. Mwoneshe anayeipokea. Siku utakaporudi, pitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha vikavu mpaka viwe vyeupe, inua mitutu kuelekea dirishani, na uchungulie mpaka uone duara safi la mwanga upande wa pili, mtutu wa kwanza na wa pili.